Marafiki wa Baba Kule China

Kwa miaka mingi nilimsumbua baba aachane na lile sanduku lake la posta. Nilimwambia barua zimekwisha, na kwamba anayelipia sanduku tupu kila mwaka hana tofauti na mtu aliyekodi zizi na hana ng'ombe. Baba hakubishana nami. Ijumaa ikifika alinyoa ndevu, akavaa koti lake la kaki, akatia ufunguo mfukoni na kuteremka Molo mjini. Alifungua sanduku, akachungulia, akalifunga tena. Kisha alipita dukani kwangu ninakoshonea nguo, akaketi kwenye benchi na kunieleza aliyekutana nao njiani. Nilimsikiliza kwa sikio moja, maana cherehani ina kelele na mimi subira sikuzaliwa nayo.

Sanduku hilo alilikodi enzi za kazi yake. Alikuwa mtu wa kupandisha ng'ombe kwa sindano ya mbegu, na hakuna boma la upande wetu ambalo hakuliingia na ile mitungi yake baridi. Watu walimwita daktari, naye hakuwakatalia. Wakati huo majirani wote waliandikiwa kupitia sanduku lake. Barua za watoto kuitwa shule za upili zilifika mikononi mwake kwanza, naye akazipeleka kwa baiskeli boma kwa boma. Baadaye simu zikaja na barua zikaisha, kisha mama akafariki. Ikabaki Ijumaa. Ndiyo siku pekee ya wiki aliyonyoa ndevu, na mimi mwanawe sikuwahi kulitia hilo maanani.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya majoho ya kwaya. Nilikuwa nimekubali kushona majoho ya marinda, na nilihitaji kile kichuma cha cherehani kinachokunja marinda chenyewe huku ukishona. Nilikitafuta Nakuru duka kwa duka, nikakikosa. Kwenye simu kilikuwepo, China, kwa bei ya sahani ya chipsi. Nikabonyeza kununua, nikaulizwa anwani. Sasa nyumba yetu haina namba na njia yetu haina jina. Tukimwelekeza mgeni tunamwambia apite kiosk ya nyanya kisha aulize. Nikaandika sanduku la baba, bila hata kumwomba ruhusa.

Wiki kadhaa baadaye baba aliingia dukani akitembea kama kijana, ameshika kibahasha cha plastiki cha kijivu kwa mikono miwili.

"Mama," aliniambia, maana nimepewa jina la mama yake, "China wametuandikia."

Ningenyamaza, yangeishia hapo. Lakini ulimi hauna mfupa, na wateja wakija kupimwa nguo lazima kuwe na mazungumzo. Nilimwambia mmoja, huyo akamwambia dadake, na kabla ya mvua kuisha eneo zima lilikuwa likinunua vitu China kwa sanduku la baba. Zilikuja kava za simu, nywele za bandia, soli za viatu, mipira ya pampu ya kunyunyizia viazi dawa, hata chuchu za plastiki za kunyonyeshea ndama. Baba alizipeleka zote kwa miguu. Kila boma alipewa chai, na chai ya Molo ni maziwa matupu, kwa hiyo akanenepa mpaka lile koti likakataa kufunga kifungo cha katikati.

Mama mmoja wa kaunta ya posta alimfundisha mambo, naye akaja kunifundisha mimi. Alisema magunia yaliyokuwa yakileta barua sasa yanaleta vibahasha vya kijivu. Alisema posta za dunia zina mapatano yao ya zamani, na kwa mapatano hayo kifurushi kidogo kilisafirishwa kutoka mbali kwa bei ya karibu bure, kama barua tu. Sasa nchi zinavutana kuhusu nani abebe gharama, na sheria zinakazwa. Zamani ilitosha kijikaratasi cha kijani kilichobandikwa juu, na wauzaji wengi waliandika kwamba ndani mna zawadi ili wasisumbuliwe na ushuru. Siku hizi habari za kifurushi zinatangulia kwa kompyuta kabla chenyewe hakijapanda ndege: ni kitu gani na kinaenda kwa nani. Baba aliyapenda sana mambo hayo. Mimi niliyasikia yakapita, kama kawaida yangu.

Halafu Ijumaa moja sanduku likawa na karatasi tu. Mwenye sanduku anatakiwa afike posta kuu ya Nakuru, amwone afisa wa forodha kuhusu mizigo iliyozuiliwa. Baba aliiweka karatasi hiyo juu ya cherehani yangu, akaigeuza upande wa pili kama anayetafuta habari njema huko nyuma.

"Mama, kwani nimeiba nini?" akaniuliza.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mzee huyu hajawahi kuitwa hata kwa chifu, na aliyemtia matatani ni mimi na domo langu.

Jumatatu tulikwenda Nakuru, baba amefunga tai. Afisa alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye miwani, na mezani pake palikuwa na lundo la vibahasha vya kijivu. Alitueleza kwamba kompyuta imeona sanduku moja la Molo likipokea zawadi kila wiki, na kwamba wafanyabiashara wana ujanja wa kuagiza mzigo mkubwa vipande vipande ili wakwepe ushuru. Jambo kama hilo likithibitika, alisema, sanduku linaweza kufungwa. Alipotaja kufungwa nilimwona baba akiushika ufunguo ndani ya mfuko wa koti.

"Mzee, uko na marafiki wengi sana huko China," afisa akasema.

"Sina hata mmoja, madam."

Nilifungua mdomo nimweleze huyo madam yote kwa sauti ambayo ingesikika hadi stendi. Baba akanigusa mkono, nikaufunga. Afisa akauliza, kama vitu si vyake, ni vya nani. Hapo ndipo penye shida, maana watu wetu hawakuandika majina ya kitambulisho. Waliandika yale wanayojiita kwenye simu. Mmoja alikuwa Mungu Mbele, mwingine Mrembo wa Molo. Baba akachukua kibahasha cha juu, akakisoma polepole.

"Hii ni ya yule ako na ng'ombe ya kichwa nyeupe. Ile ilizaa mapacha." Akachukua cha pili. "Hii ni ya pale kwa ile nyeusi ilianguka kwa mtaro, tukaivuta na kamba." Akaendelea hivyo, kibahasha kwa kibahasha, wala hakusita.

Afisa aliweka kalamu chini. Akachukua kile cha kwanza, akapiga namba ya simu iliyoandikwa juu yake na kuweka sauti ya nje. Mwanamke alipopokea, afisa alijitambulisha kuwa anapiga kutoka ofisi ya serikali Nakuru, akamuuliza kama ana ng'ombe wa kichwa cheupe.

"Imefanya nini?" sauti ikauliza. "Kama imeingia shamba ya mtu, mimi sikuwa nyumbani."

Watu waliokuwa kwenye foleni nyuma yetu walicheka, lakini afisa hakucheka. Alipiga ya pili, na yule wa ng'ombe mweusi akaapa kwamba siku hizi humfunga. Alipiga ya tatu, na mzee mmoja akaanza kumtetea ng'ombe wake kabla ya kuambiwa kosa. Hapo afisa alivua miwani, akacheka hadi akafuta machozi, na mimi moyo wangu ukarudi mahali pake.

Alikubali kwamba baba si mfanyabiashara. Lakini sheria ni sheria, akasema: kila mtu ajitokeze na kitambulisho, alipe kaushuru ka mzigo wake, na kuanzia sasa kila mtu awe na anwani yake. Posta siku hizi inakubali namba ya simu iwe ndiyo sanduku. Kifurushi kikifika, mwenyewe anapata ujumbe. Alimwandikia baba maelezo yote kwenye karatasi ili akawaambie majirani.

"Wewe mzee sasa upumzike," alimwambia, na alikuwa na nia njema kabisa.

"Na sanduku?"

"Sanduku ni yako, mzee. Hakuna mtu atakuuliza tena."

Nilitoka pale nimetakata kama niliyeoga. Jina la baba lilikuwa safi, sanduku lilikuwa salama, na nilijiona nimeponyoka. Baba aliisoma na kuirudia ile karatasi ya afisa hadi tulipofika kwenye baridi yetu ya Molo.

Majirani walilishika jambo hilo upesi. Ujumbe uliingia kwenye simu, wakashuka mjini wenyewe au wakamtuma mtu wa bodaboda. Baba aliendelea kwenda kuchungulia. Ijumaa mbili, tatu, kisha ya nne hakupita dukani. Nilifunga mapema nikapanda nyumbani, nikamkuta ameketi karibu na jiko, ndevu zimeota kidevu kizima.

"Leo kulikuwa na baridi," akaniambia.

Molo, baridi, kana kwamba kuna siku haipo. Nilipika chai, nikageukia ukuta nisimwonyeshe macho yangu.

Jioni hiyo hiyo niliagiza vifungo China. Niliagiza sita, vyeusi, na mahali pa anwani nikaandika sanduku la baba, na chini yake jina langu la kitambulisho, herufi kwa herufi, ili mtu yeyote wa forodha asipate la kuuliza. Wiki iliyofuata niliagiza sita vingine kwa muuzaji mwingine. Nilimwambia baba kwamba kuna vitu nangojea vya kazi, sijui vitafika lini, itabidi aangalie. Ijumaa yake akanyoa.

Vifungo vya aina hiyo vimejaa Nakuru, vinauzwa kwa kupimiwa na kikombe. Nina mkebe mzima dirishani, ningevishona hadi niingie uzeeni visingeisha. Lakini ushuru wake nalipa bila kunung'unika, jambo ambalo wanaonijua hawawezi kuliamini.

Mwezi jana baba aliingia na kibahasha, akakiweka juu ya cherehani na kuketi kwenye benchi. Aliutazama ule mkebe kwa muda.

"Mama, hivi vifungo unavihitaji kweli?"

"Navihitaji, baba."

Alitikisa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akifanya mtu anapomdanganya kuhusu umri wa ng'ombe.

"Basi agiza nyekundu," akasema. "Nyeusi zimetosha."

Kisha akaanza kunieleza aliyekutana nao njiani, nami nikasimamisha cherehani nisikie.