Udongo Ulioteremka kwa Jirani

Nilipostaafu upolisi nilijenga nyumba ndogo kwenye mteremko wa Kasubi, nikabakiza kipande cha ardhi nyuma kwa ajili ya mboga. Maisha ya kambini yalinizoesha usafi wa ukaguzi. Kila Jumamosi nilifagia mpaka nikaacha ardhi tupu, kisha nikayachoma majani yote. Mke wangu alipanda dodo, ule mchicha wetu wa Kampala, ukaota kwa shida na kugeuka manjano. Mimi nililaumu mbegu.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, jirani wa chini alipiga hodi. Alikuwa Mkongo, mama wa makamo anayeuza vitenge sokoni. Hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu. Miguu yake ilikuwa na tope hadi magotini, na kichwani alibeba beseni.

"Afande, nimekuletea udongo yako," alisema, akalitua mbele yangu. "Imelala kwangu mlangoni. Hii ndiyo iko na chakula. Kwako imebaki mifupa tu."

Nilitegemea matusi, kwa hiyo upole wake uliniaibisha zaidi. Nikamwomba radhi, nikachukua koleo, nikashuka kumsaidia kuzoa tope. Tulipomaliza alipanda nami hadi kwangu, akanionyesha pa kuchimba mtaro unaokata mteremko ili uzuie maji. Ukingoni tukapanda mchaichai.

"Na maganda ya matoke unapeleka wapi?"

"Kwenye gari la taka."

Alicheka hadi akaketi chini. "Afande! Unawapa watu mbolea yako wakaitupe?"

Tangu siku hiyo maganda yalikwenda bustanini, tukayafunika kwa nyasi kavu. Wiki za kwanza niliteseka kuyatazama. Mara mbili nilishika ufagio, mke wangu akaninyang'anya. Msimu wa pili nilipochimba, udongo ulikuwa mweusi, laini, umejaa minyoo.

"Njoo uone!" nilimwita mke wangu.

"Mzee mzima unapigia minyoo kelele?" Lakini naye aliinama kutazama. Mwezi huo tulichuma dodo ya kijani kibichi, tukala, tukagawa.

Siku hizi mvua ikinyesha navaa koti natoka kuangalia mtaro. Maji hujaa, hutulia, kisha huzama taratibu. Jirani naye husimama mlangoni kwake, pakavu, tukapungiana mikono. Wiki hii ametuletea miche ya bilinganya. Nimeipanda leo asubuhi.