Rangi Isiyopakwa

Mwaka wa pili wa masomo yangu ya juu Dar es Salaam, nilirudi likizo kijijini kwetu Kiegeani na chupa mbili za maji meupe kama tui, pamoja na boksi la vipande vya kioo. Mama alidhani nimemletea dawa ya kikohozi.

"Shikamoo, Mama. Hiyo si ya kunywa."

"Marahaba. Ya nini sasa?"

Nikamweleza. Ndani ya maji yale mna chembe za plastiki za mviringo, ndogo mno, zote sawasawa. Ukisimamisha kioo humo, maji yakikauka chembe hujipanga kiooni, safu juu ya safu. Halafu maabarani najaza mianya iliyo kati ya chembe kwa oksidi ya titani, ule unga mweupe wa rangi za ukutani, ambao ukipigwa na jua huteketeza uchafu wa majini. Nikichoma, plastiki inaungua, inabaki oksidi yenye vitundu vilivyopangika, na mwanga ukigonga hapo hurudi na rangi moja tu. Lakini miezi minane nilikuwa sipati kitu. Kila kioo kilipasukapasuka.

Mama ni msukaji wa mikeka. Alikiinamia kioo kimoja kibovu nilichokuja nacho. "Unakausha wapi?"

"Chumba cha kiyoyozi."

"Ndiyo maana. Ukindu mkavu unakatika mkononi, sisi tunausuka na unyevu wake. Weka pale ubavuni mwa mtungi wa maji, ufunike na kawa la chakula."

Nilitabasamu, lakini nikafanya. Siku ya nne asubuhi nikafunua. Kioo kilikuwa kijani, kizima, bila ufa hata mmoja! Nikapiga kelele. Mama alikuja mbio, akakiinamisha huku na huku, kijani kikawa bluu.

"Umetia rangi gani?"

"Sijatia rangi, Mama."

"Wewe! Mimi nimetia ukindu rangi maisha yangu yote, unidanganye mimi?" Akakinusa. Kisha akamwita shangazi, naye akakinusa.

Nikakausha vingine vivyo hivyo, nikarudi Dar nimevipakata safari nzima. Baada ya kuvijaza oksidi na kuvichoma, kijani kilihamia kwenye samawati, na havikupasuka. Nikakitia kimoja katika glasi ya maji yaliyotiwa rangi, nikaiweka juani nje ya maabara. Kufika alasiri rangi yote ilikuwa imetoweka, maji maangavu kabisa. Nikampigia Mama palepale. Nilicheka hata maneno hayakutoka, naye, bila kujua kuna nini, akacheka pamoja nami.