Gongo Katika Tangi la Katibu

Watu wanaoniletea pikipiki zao za kizamani huniuliza watie mafuta gani, oili gani, dawa gani ya kulinda injini. Nawajibu kwa mkato, na wengine huondoka wakisema mzee ana roho mbaya. Zamani nilipenda mno kuulizwa maswali hayo, na kupenda kwangu kulimtia jela mwanamke aliyenilea.

Nilikuwa fundi kule Matombo, miaka ile ya vijiji na foleni za sukari, wala sikuwa fundi wa kubahatisha. Barabara yetu ilikuwa mawe na makorongo, na pikipiki nzima katika kata ilikuwa moja tu, ya katibu. Alipoipata ilikuwa imeshachakazwa na mabwana shamba wawili. Injini yake ilikuwa ya aina ile isiyo na oili yake yenyewe chini. Oili unaichanganya na petroli ndani ya tangi, injini inakunywa vyote pamoja. Ukizidisha oili, inafuka moshi na kuchafua plagi. Ukisahau kutia, pistoni inakwama ndani ya silinda, na safari yako imeishia hapo.

Petroli ilitoka kwa kibali, na katibu hakukosa kibali. Oili ya kuchanganyia ndiyo iliyoadimika. Akajaribu oili chakavu ya lori, pikipiki ikafuka kama tanuri la mkaa. Mtu mwingine akamshauri aongeze mafuta ya taa ili petroli isiishe upesi, naye akakubali, maana ushauri wa bure hakuwahi kuukataa. Alipoileta kwangu nilichovya kidole tangini nikapaka nyuma ya kiganja. Petroli safi hupoza ngozi na kutoweka. Ile iliacha utelezi. Nilipomwambia kwamba karibu nusu ya tangi lake ni mafuta ya kibatari alinitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Siku ile ndipo nilipoanza kuringa.

Nikamwambia aachane na takataka zote, atumie mafuta ya nyonyo. Nyonyo ilijiotea nyuma ya kila nyumba, na mafuta yake ni mazito, yanastahimili moto wa injini. Yana tabia moja mbaya tu: hayapendi kukaa na petroli. Baridi ya mlimani ikishuka, asubuhi unayakuta yamejitenga chini ya tangi. Kwa hiyo kila asubuhi katibu alisimama mbele ya ofisi yake, ameshika usukani kwa mikono miwili, akiisukasuka pikipiki kushoto na kulia, na wanawake waliokuwa wakienda mtoni wakageuza nyuso ili wacheke vizuri. Akaniagiza nitafute kitu cha kuyapatanisha mafuta hayo mawili.

Kitu hicho kilikuwa gongo. Ukiyayeyusha mafuta ya nyonyo ndani ya gongo kwanza, ndipo ukamimina kwenye petroli, yanakubali. Lakini iwe gongo kali kwelikweli. Ikiwa na maji unapata ute mweupe. Gongo ilikuwa marufuku, na aliyekuwa akiwakamata wapishi wake katika kata yetu alikuwa katibu huyohuyo. Nilipomweleza aligeuka kutazama nje ya dirisha.

"Mimi sijasikia kitu, fundi," akasema. "Wewe tafuta dawa ya injini."

Nikazunguka na kijiko na kiberiti. Unatia gongo kidogo kijikoni, unaingia kivulini kwa sababu juani mwali wake hauonekani, unawasha. Ukizimika ukaacha majimaji, hiyo ni ya kulewea tu. Nilijaribu nyumba kadhaa, nikawaambia wenyewe bila haya kwamba kazi yao mbovu. Ya mama mkubwa peke yake iliungua mpaka kijiko kikakauka.

Mama mkubwa alikuwa dada wa marehemu mama yangu. Alinichukua nikiwa bado natambaa, na kwa sisi Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo hakuwa mama wa kuazima. Gongo yake aliipitisha motoni mara mbili, na ile ya mwanzo kabisa aliikinga kwenye chupa yake peke yake. Nilimkuta akipepeta mpunga nikamwambia kwamba katibu anaitaka.

Akaweka ungo chini. "Umemwambia ni yangu?"

"Nimemwambia. Ndiyo salama yako, mama. Hawezi kumkamata mtu anayemwendeshea pikipiki."

"Na mimi nitapata nini?"

"Utaachwa."

"Nilikuwa nimeachwa, mwanangu, kabla hujanitaja."

Nikachukua chupa. Nilikuwa na haraka ya kwenda kuchanganya.

Ikawa kila Jumamosi nachukua kwake chupa moja. Pikipiki ilikwenda Mkuyuni na kurudi bila kukohoa, moshi wake ukawa na harufu tamu, na katibu akanitaja kwenye mkutano kuwa mfano wa fundi anayejitegemea, bila kusema ninachanganya nini. Nikaanza kutembea katikati ya barabara. Mama mkubwa alikata kuni, alibeba maji, alimpikia katibu bure. Huku nyuma mgambo wa katibu waliendelea kuwakamata wenzake, wanawake aliokuwa akishuka nao mtoni tangu usichana wao, na yeye peke yake hakuguswa. Wakaacha kumsubiri njiani. Mmoja akamwambia usoni kwamba yeye anapika gongo ya serikali.

Nadhani hapo ndipo alipoanza kutia maji. Sikujua, kwa sababu nilikuwa nimeacha kupima. Gongo ya nyumbani kwetu, niipimie nini? Hilo lilikuwa kosa la fundi. Katibu akaondoka siku moja kwenda mjini kwenye kikao, na taarifa ya kata mkobani. Kwenye mlima wa Kiroka pikipiki ikakohoa, ikapoteza nguvu, ikakwama. Alifika kikaoni amechelewa, vumbi mpaka kwenye kope, na mkubwa wake akamuuliza mbele ya wenzake kama amekuja kikaoni au amekuja kuomba kibarua. Kesho yake alirudi juu ya lori, ameketi kwenye mikungu ya ndizi na pikipiki imelazwa miguuni pake. Utingo wa lori alisimulia habari hiyo kila waliposimama.

Wiki hiyohiyo akaitisha mkutano wa hadhara. Ajenda ilikuwa shamba la pamoja, lakini alianza na mimi. Akaniamuru nisimame.

"Huyu fundi wenu," akasema, "ni mhujumu au ni mjinga. Achague mwenyewe."

Watu wakacheka, na waliocheka zaidi ni wale niliowaambia gongo yao mbovu. Nilikuwa nimeshafungua kabureta nikaona ute mweupe, nikajua ni maji na nikajua yametoka wapi. Ningeweza kusema petroli ya mjini ilikuwa na maji, na hakuna ambaye angebisha, maana mambo hayo yalikuwa ya kila siku. Ningeweza pia kusema mimi mjinga, nikaketi, wakacheka mpaka wakachoka. Ujinga haukuwa na kifungo. Lakini hasira zilinipanda, na sikuwa na hasira na katibu aliyenitukana. Nilimkasirikia mama mkubwa aliyeniharibia jina.

"Mkono wangu hauna kosa, ndugu katibu," nikasema. "Gongo uliyoletewa kutoka kwa mama mkubwa ilikuwa na maji."

Kicheko kikakatika. Kwa sentensi moja nilikuwa nimeuambia mkutano mzima kwamba katibu anatumia gongo, na inatoka nyumba ipi. Katibu hakupepesa hata ukope.

"Gongo?" akauliza polepole. "Katika kata yangu?"

Mkutano haujaisha, mgambo walikuwa wameshafika nyumbani kwa mama mkubwa. Chupa waliyoitoa uvunguni ilikuwa ile nzuri.

Kesho yake katibu aliniita ofisini akafunga mlango mwenyewe. "Mahakamani kuna mahali pawili pa kusimama, fundi," akasema. "Pa shahidi na pa mshitakiwa. Sikulazimishi, nakupa nafasi ya kuchagua." Nilichagua kabla sijaketi.

Hakimu wa mahakama ya mwanzo alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, aliyeonekana kuchoshwa na kesi za wanawake na chupa. Aliniuliza nitajuaje kwamba kilichomo ni gongo, na si kitu kingine. Alinifungulia mlango wazi kabisa. Ningesema sijui, mimi ni fundi wa pikipiki, na pengine angeitupa kesi ile akaenda kula. Mimi niliomba kijiko, kiberiti, na dirisha lifungwe.

Mwali ulisimama wa buluu, umetulia. Watu wakanyanyuka kwenye mabenchi ili waone. Kijiko kikakauka.

"Safi, mheshimiwa," nikasema. "Haina maji hata tone."

Na nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu sina tena wa kumdanganya. Mama mkubwa alikuwa amesimama peku, kwa kuwa mgambo hawakumpa muda wa kutafuta ndara zake, na mimi nilifurahi kwamba watu wote wameona sasa kuwa mimi si mjinga. Yeye hakuutazama ule mwali. Alikuwa ananitazama mimi, kwa makini, jinsi mtu anavyokagua chakula anachoshuku kimechacha.

Akapewa miezi sita. Nje ya mahakama katibu alinipa mkono, nami nikaupokea.

Mwezi wa tatu wa kifungo chake, duka moja la mjini likapata oili ya kuchanganyia. Katibu akanituma niifuate. Ilikuwa kwenye makopo, kipimo kimeandikwa ubavuni, na mtu yeyote anayejua kusoma angeweza kuimimina. Baada ya hapo hakuniita tena ila kwa pancha, na haukupita muda akahamishiwa Turiani akaondoka na pikipiki yake. Gereza lilikuwa mjini humohumo nilikofuata oili. Sikwenda kumwona mama mkubwa. Waliponiuliza nyumbani nilisema barabara mbaya.

Alipoachiliwa alirudi kwa miguu kutoka alikoshushwa na lori, na tukakutana kwenye njia nyembamba katikati ya migomba. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa na mabega yamechongoka. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga kwa miezi, yote ya kujitetea. Njia kama ile mdogo humpisha mkubwa, nami nikaanza kusogea. Akaniwahi. Alishuka yeye kwenye majani yenye umande, akaweka mzigo wake chini, akapiga goti kidogo, macho yake kwenye vidole vya miguu yangu.

"Shikamoo, fundi," akasema.

Sauti yake haikuwa na dhihaka. Ingekuwa nayo ningeshukuru. Nyuma yangu walikuwa wanakuja wanawake wawili na ndoo, wale wenzake wa mtoni, nao wakasimama kusikiliza. Na mdomo wangu, uliozoea kuamkiwa na watoto wa kijiji kizima, ukaitika wenyewe kabla sijauzuia:

"Marahaba."