Bhoke na Bunduki ya Butiama

Binti yangu Bhoke amekabidhiwa bunduki!

Habari zenu. Tulieni, ni ile ya zamani ya jeshi, ya kumimina risasi mfululizo, ipo makumbusho huku Butiama. Yeye ndiye muangalizi.

Baba yake mdogo, mwanajeshi mstaafu, alikuwaga anasema aache kufuta vumbi, aolewe, ng'ombe za mahari ziingie nyumbani.

Leo nikampeleka makumbusho huyo mtaalamu wetu wa jeshi. Kuiona tu, mkono huoo kwenye bunduki!

"Baba mdogo, hapa hatushikagi," Bhoke akamwambia.

Jamani! Mwanaume anayefokea hadi fahali akajibu, "Samahani, mama." Mikono nyuma, kama wa darasa la kwanza.

Vigelegele nilivyopiga, wageni wote waligeuka.

Ng'ombe hazitajwi tena. Baba mdogo anachinja mbuzi kumpongeza Bhoke, kwangu Bunda. Mbuzi mnaruhusiwa kushika. Njooni wote Jumamosi.