Maneno ya Daktari kwa Kiswahili cha Mgonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini kama muuguzi, katika kituo kidogo cha afya huko Buyenzi, nilimpoteza mgonjwa kwa neno moja. Daktari mkuu alimpima fundi wa magari, Mzee Ramadhani, akaniambia kwa Kifaransa kwamba ana hypertension, yaani shinikizo la damu. Nikatafsiri: "Mzee, uko na tansio."

Akacheka; kwake tansio ilikuwa ugonjwa wa mawazo tu. "Mi? Apana! Bibi yangu hanisumbui, watoto wako muzuri, tansio itoke wapi?" Akaacha vidonge mezani, akaenda zake.

Masera, mtawa aliyekuwa mkubwa wa wauguzi, akavikuta. Hakunifokea. "Umemupa neno, haukumupa maana," akasema. "Mufuate."

Nilimkuta garajini, mikono imejaa oili. Nikamweleza kwamba damu yake inasukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi. Hatasikia maumivu, lakini siku moja mshipa wa kichwani unaweza kupasuka au kuziba, na hicho ndicho kiharusi, kile ambacho madaktari wetu huandika AVC. Mzee akafuta mikono. "Baba yangu alianguka hivyo," akasema. "Lete hizo dawa."

Alizimeza miaka yote niliyokuwa pale. Nami nilimtazama Masera akikaa benchi moja na wagonjwa, akieleza taratibu hata foleni ilipofika barabarani. Sijaona subira kama ile.

Baadaye nilihamishiwa Musaga, chini ya daktari wa moyo, mtu wa maneno machache. Siku moja mama mmoja alituambia, kwa haya: "Bwana yangu anakoroma, kisha anakata pumzi, mpaka ninamutikisa."

Nilitaka kucheka. Daktari aliweka kalamu chini. "Mchana anasinzia?"

"Eh, hata kwenye usukani. Ni dereva wa basi."

Daktari alimwita mume siku ileile, akamkataza kuendesha mpaka atibiwe. Ugonjwa huo huitwa apnea: koo linaziba usingizini, pumzi inakatika, na moyo na ubongo vinakosa hewa. Dereva alinuna sana. Miezi michache baadaye, baada ya matibabu, alirudi usukanini, hasinzii tena, akatuletea samaki wawili wa mukeke kutoka ziwani Kajaga. Ndipo nilipoelewa kwamba daktari hodari husikiliza kwanza.

Sasa nimestaafu. Mwaka jana moyo wangu ulianza kurukaruka, nikaenda hospitali. Muuguzi, msichana ambaye hakunijua, alitazama mchoro wa mapigo ya moyo. "Fibrillation," akasema. Neno hilo nimewaeleza watu wengi, lakini siku ile nilimwomba alirudie.

Akaelewa. Akavuta kiti, akanishika mkono. "Mama, moyo yako inapiga bila mpango. Damu inaweza kukawia mule ndani, ikaganda, donge likapanda kichwani. Hii dawa inazuia damu isigande. Tuko pamoja?"

Sikumwambia kwamba nilikuwa muuguzi. Nilitaka anieleze mpaka mwisho.