Sigara ya Babu Kutoka Kuba

Majuzi, katika hoteli moja Dar es Salaam, niliona sigara nene za Kuba ndani ya kabati la kuzitunzia unyevu zisikauke, nikamkumbuka babu yangu wa kijijini Milola.

Baba, aliyekuwa akisomea udaktari Kuba, alimpelekea moja. Babu aliilaza kwenye kasha la mninga, pembeni mwa kitambaa alichokilowesha kila Ijumaa. Sikujua kwamba tumbaku hukomaa hivyo. Niliamini kuwa ikikauka, baba atafia huko.

Alasiri aliyorudi baba, babu aliiwasha. Nikalia, "Babu, unamuunguza baba!" Baba akacheka, akanipakata. Moshi ulinukia asali na korosho za kuchoma. Babu alifumba macho.

"Mzee, si nilikuandikia uivute ikifika?" baba aliuliza.

"Ningeivuta na nani?"