Nyumba Imo Kwenye Simu

Nikinusa mrehani, hata ule wa vikuba vya bibi harusi, moyo hunipiga paa. Wengine husikia harufu ya sherehe. Mimi, wenzangu, husikia hofu.

Ua wetu, mtaani Muyeye, ulijaa mrehani, na mrehani ulijaa wadudu. Mama alikuwa amenipa simu yake kuukuu, kioo kimepasuka, haina hata laini, ila kupiga picha ilipiga. Basi nilishinda nimechutama, magoti yana udongo, nikiwavizia nyuki, kereng'ende na vunjajungu, huyo ambaye watoto wenzangu hawakuthubutu kumgusa wasije wakavunja vyungu vya mama zao. Nyanya Mishi, mamake mama, alinishikia tawi lisitikiswe na upepo.

Kisha akaanza kunituma nje. "Nenda kanipigie picha mlango wa kinyozi, mwanangu. Kanipigie na muuza viazi karai, na ile kona ya msikiti, na geti letu." Geti letu! Nilimwona ana vituko. Nani apiga picha geti bovu? Lakini nilikwenda, na baada ya chakula cha usiku alinikalisha mkekani, akigusa picha moja moja. "Haya, huyu nani? Na hapa ni wapi? Na kutoka hapa mtu apita wapi?" Nilijibu mbio mbio, nikijua ananitahini. Nikimaliza alinibusu kipaji.

Siku moja narudi kutoka madrasa, ua wote wanukia mrehani, Nyanya hayupo. Alikuwa ametoka asubuhi kwenda dukani. Mama alikimbia nje kichwa wazi, yeye ambaye hakuvuka kizingiti bila mtandio. Tulimwita vichochoroni mpaka sauti zikatukauka. Nililia, wallahi, kilio ambacho sijakilia tena. Tulimkuta alasiri kwenye benchi la kinyozi, mtaa wa pili tu, leso imelowa machozi.

"Yuko hapa tangu asubuhi," kinyozi alimwambia mama kwa sauti ya chini. "Nikimuuliza kwako wapi, asema nyumba yake imo kwenye simu ya mjukuu wake."

Mama alijibwaga mchangani. "Mficha maradhi, kilio humuumbua," alisema, akaangua kilio. Mimi, mtoto mjinga wa Mungu, niliona fahari kwamba picha zangu zimetajwa mbele za watu.

Jioni ile Nyanya alioga, akatia wanja, akajifunga leso mpya. Yeye aliyekataa picha maisha yake yote akasema, "Haya, nipige na mimi." Nikampiga. Alitazama simu bila kupepesa.

Tukakaa mkekani kama kawaida. Nikamtajia nyuki, nikamtajia kinyozi, nikamtajia geti. Tulipofika picha ya mwisho aliinama karibu sana.

"Na huyu nani?"

Nilicheka mpaka nikagaragara. "Ni wewe, Nyanya!"

Hakucheka. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaniomba taratibu, kama mtu anayeomba maji. "Niambie tena."

Nikamwambia tena, bado nacheka. Miaka ilipita ndipo nikaelewa kwamba, katika mchezo wetu wote ule, Nyanya hakuwahi kuniuliza jambo analolijua.